Samaki wa Pili

Rumaisa Jalal alikuwa na kisirani, na maabara nzima pale chuoni Nakuru ilijua. Kazi yake ilikuwa kuwachunguza samaki waliokaa kwenye chupa za spiriti, wale ambao meli ya utafiti iliwavua kwenye milima iliyozama chini kabisa ya bahari, kisha aseme nani ni nani. Ukimletea samaki weusi wawili ukidai ni wa aina moja, angewahesabia miiba na meno, awatenganishe, nawe ujute kufungua mdomo. Mwenzake Kipchoge alishajifunza kunyamaza.

Kulikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko alivyopenda watu. Jina ni la aliyepewa kwanza. Ikigunduliwa kwamba samaki wawili wanaitwa jina moja, wa baadaye ananyang'anywa, anatafutiwa lingine. Hakuna kulia.

Sasa alikuwa amepata samaki wake mwenyewe, asiyejulikana na yeyote duniani, mwenye mdomo mpana na taa ndogo kidevuni. Alikusudia kumpa jina la babake, jalali kwa Kilatini cha wataalamu; babake aliyeendesha trela maisha yake yote kati ya Mombasa na Nakuru na ambaye siku hizi alikuwa mgonjwa nyumbani. Heshima gani ingezidi hiyo? Akaenda kumwambia.

Sebuleni alimkuta mwanamke mgeni ameketi kando ya mzee, ana paji la uso kama la Rumaisa mwenyewe. Mamake, Mboni, alisimama kwenye mlango wa jikoni amenuna; hata chai hakuwa ameandaa.

"Wewe ni nani?" Rumaisa akauliza.

"Rumaisa Jalal. Wa Mombasa."

Mzee akaangalia ukuta. Akaanza kujitetea kwamba hilo ni jina la marehemu mamake, na binti wa kwanza wa kila mke sharti apewe jina la nyanya yake, sasa yeye angefanyaje? Kila mke! Mboni akacheka kicheko kibaya, akasema miaka yote hiyo alidhani ameolewa, kumbe yeye ni kituo cha kupumzikia madereva. Rumaisa hakuwasikiliza. Alimkazia mgeni macho, akamuuliza alizaliwa mwaka gani, na mgeni akamtajia. Wa Mombasa ndiye aliyekuwa mkubwa.

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Babake alipomwita, "Rumaisa!", aliyeitika ni yule mwingine.

Asubuhi yake alifungua maelezo ya samaki kwenye kompyuta, akafuta neno jalali kila mahali lilipokuwa, akaandika wapili. Kipchoge alichungulia begani kwake, akajisahau.

"Wa pili? Na wa kwanza yuko wapi?"

"Mombasa," akasema Rumaisa. "Nipe hiyo chupa."