Umeme wa Hewani wa Mahongole

Wiki iliyopita niliingia duka la simu pale Makambako, jirani na njia panda. Binti mwenye duka, mtandio wake kaufunga vizuri, aliichukua simu yangu iliyozima akailaza juu ya kisahani cheusi. Kisahani kilikuwa na waya wake ukutani, lakini simu haikuchomekwa chochote, na ikaanza kuingia chaji. Niliinama nikachungulia chini yake kama mshamba, maana ndivyo nilivyo. "Ukiinyanyua kidogo tu inakata, mjomba," akaniambia. Basi nikamkumbuka bibi yangu palepale dukani.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Mahongole ya utoto wangu haikuwa na umeme, lakini umeme ulipita juu ya vichwa vyetu. Nyaya kubwa zilikatiza juu ya shamba la viazi la bibi, zimebebwa na minara ya chuma, zikipeleka umeme kwa wenzetu huko mbele. Siku za Juni, ukungu ukishuka, zilivuma kutwa nzima huku sisi tukichimba viazi na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Jioni tulirudi jikoni kwenye koroboi. Bibi aliisogelea mno, kitabu cha nyimbo za kanisani karibu kigusane na pua, machozi yakimtiririka kwa moshi. Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, asome nyimbo zake jioni bila kulia. "Penye miti hapana wajenzi," alikuwa akisema kila alipoziangalia zile nyaya.

Jirani yetu alikuwa fundi redio. Huyo aliokota taa ndefu za mirija, zile nyeupe za madukani, ambazo zilikwisha kufa na kutupwa jalalani. Jioni moja jua likizama alisimama chini ya nyaya, mrija mmoja kaushika wima mkononi. Ukawaka. Mrija uliokufa, rafiki yangu, hauna waya, hauna betri, unawaka mkononi mwa mtu aliyevaa ndala. Nilidondosha mzigo wangu wa kuni. Mama mmoja aliyekuwa akitoka shambani alitua tenga lake akaanza kukemea mapepo.

Bibi hakukemea. Alimsogelea fundi akasema, "Kamwene," maana kwetu salamu haiachwi hata mbele ya muujiza. Kisha akauliza, "Huo utafika kwangu?"

"Utafika, Bibi. Huu unamwagika bure hewani. Nipe muda niukinge, kama tunavyokinga maji ya mvua."

Haukupita muda wakaja watu wa kuandika majina ya wanaotaka kuvutiwa umeme. Ili waya ufike kwa bibi, ilibidi mipichi mitatu aliyoipanda babu ikatwe. Bibi akawajibu kwa adabu kabisa, "Miti yangu iacheni. Mimi nasubiri wa hewani." Usimcheke peke yake. Nusu ya majirani walijibu hivyo hivyo, na karani akaandika hivyo hivyo, uso mkavu.

Fundi alihangaika masika nzima. Alifunga nyaya kwenye miti, akatundika madebe, akakaribia kufa kwa kurushwa na uzio wa seng'enge uliopita chini ya zile nyaya kubwa. Ule mrija, hata ukiwa chini ya nyaya, mwanga wake haukutosha kusomea. Ukipiga hatua chache kuelekea nyumbani kwetu, ulififia, halafu ukazimika. Siku moja akaja jikoni, kofia mkononi, akakaa mbele ya ugali na maharage bila kunawa mikono.

"Bibi, nimeshindwa," akasema. "Umeme upo kweli, lakini ni kidogo, na ukiziacha nyaya unapotea. Kuuona ni jambo moja, kuutumia ni jambo lingine. Nisamehe."

"Kula kwanza, mwanangu," bibi akamwambia.

Hapo nilishtuka kuliko siku ya mrija. Nilitaka amfokee, amnyime hata chumvi. Wale watu wa kuandika majina walikwisha kuondoka, na iliwachukua miaka mingi kurudi.

Waliporudi nilikuwa mtu mzima, na presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi yake kwa bibi, haoni tena hata mwanga. Mipichi ilikatwa kwa saa moja. Leo pichi tunanunua sokoni, fundi alihama, na watoto wa pale hawajui koroboi inanukaje. Sioni ubaya, watu wanasoma jioni na macho makavu. Lakini siku ile ya kuwasha bado inanichoma. Balbu ilining'inia juu ya kiti cha bibi. Nikabonyeza swichi, nyumba nzima ikashangilia.

"Bado?" bibi akauliza.

"Umewaka, Bibi."

Akainua kiganja hadi karibu na balbu, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Hizi balbu za siku hizi, unazijua, hazina moto wa kusikika mkononi. "Mbona hamna joto?" akasema. Nikamwapia, majirani nao wakamwapia. Akashusha mkono, akanipapasa kichwani kama unavyomfariji mtoto anayekudanganya kwa sababu anakupenda. Mpaka tunamzika, bibi aliamini kwamba nyumba yake haikuwahi kuwaka.