Vizibo Vyeusi

Sikuwahi kumwonea mwanamke wivu kwa uzuri wake. Huyu nilimwonea wivu kwa sababu mume wangu alijali joto la injini yake, langu hakulijali.

Mume wangu ni fundi wa injini. Miaka mingi alitengeneza mashine za boti pale ziwani, halafu akapata kazi kwenye uwanja wetu mdogo wa ndege hapa Gisenyi, kutunza ndege moja ya viti vinne yenye panga boi moja mbele. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, na pasi yangu ni ya makaa. Tulikuwa mafundi wawili chini ya bati moja na hakuna aliyejiona zaidi ya mwenzake. Kisha akaja rubani mpya, mwanamke, Mnyarwanda aliyekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama suruali iliyotoka kupigwa pasi.

Haukupita mwezi, mume wangu, ambaye miaka kumi na mitano amekuwa akiniambia "leta maji", akaanza kusema "naomba maji, tafadhali". Mwingine angefurahi. Mimi nilijua hiyo tafadhali imetoka wapi.

Kila akirudi kazini ni injini tu. "Mama, ile moteri haina maji sawa ya voiture ya barabarani," ananiambia. "Inapoa na upepo tu. Na huku kwetu ni juu, upepo iko mwepesi, na mu kiangazi jua ni kali. Ukicheza nayo, inaungua." Akanieleza wanavyoigeuza pua ielekee upepo wa ziwani kabla ya kuiwasha, na kwamba hawaiachi ingurume muda mrefu ikiwa chini. Akanieleza rubani anavyopanda taratibu bila kuinua pua sana, ili upepo uzidi kuingia. Akishatua, mume wangu hufungua kimlango kidogo cha juu ya injini ili joto litoke. Nilimsikiliza nikiwa ndani, jasho likinidondoka juu ya pasi. Siku moja nikamwuliza, "Na mi je? Mi nani ananigeuzia pua ku upepo?" Akacheka sana. Dirisha hakufungua.

Kiangazi hicho inyamanza wakaanza kujenga ndani ya injini. Inyamanza ni kile kijidege cheusi na cheupe kinachotingisha mkia, na kwetu hakiuawi wala hakifukuzwi. Kikijenga kwako unashukuru. Lakini nyasi zake zikijaa katikati ya silinda, upepo haupiti. Basi mume wangu akaja barazani na vipimo vya matundu mawili ya mbele, moja kila upande wa panga boi, yale yanayoingiza upepo. Alitaka nimshonee vizibo viwili vya sponji, vya kuyaziba ndege ikiwa imeegeshwa.

"Rouge, mama," akasema. "Rouge ya kuonekana mbali. Na uweke mukanda wa kuunganisha zote mbili, upite mbele ya panga. Hata mutu akisahau, ataiona."

"Ni we umewaza ile mukanda?"

"Hapana, ni yeye. Ule mwanamuke iko na akili sana."

Angesema ni yeye mwenyewe aliyeuwaza, ningeshona vyekundu. Hilo nalijua mpaka leo. Kabatini nilikuwa na kipande cha turubai jekundu nilichonunua kwa wanawake wanaovusha vitambaa pale mpakani, Petite Barrière, kinatosha vizibo vinne. Nikafunga kabati. Nikachukua masalio ya kitambaa cheusi cha baibui nikashona kwa hayo, mishono midogo iliyofuatana vizuri, maana hata nikiwa na hasira sishoni ovyo. Mkanda sikuweka. Akili yake na aiweke yeye.

"Nyeusi haionyeshe uchafu," nikamwambia nilipomkabidhi.

Alivigeuza mkononi, akanitazama. "Asante, mama." Hakuuliza mkanda uko wapi. Siku hiyo nilishona huku naimba, nikijiona nimeshinda vita.

Wivu ni kidonda, na mimi changu nilikuwa nakikuna. Wiki ya tatu tangu nimpe vizibo nikapika ugali na isambaza, vidagaa vya ziwani, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikampelekea mume wangu chakula uwanjani. Sikuwahi kufanya hivyo tangu aanze kazi pale. Majirani waliona mapenzi; ukweli ni kwamba nilikwenda kupeleleza. Ilikuwa inakaribia saa sita na lami ilikuwa inawaka. Nilipofika, ndege ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia, ikaruka kuelekea ziwani. Mume wangu alisimama akiitazama, amejikinga jua kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika kizibo cheusi. Kimoja.

"Baba," nikamwuliza, "ingine iko wapi?"

Akauangalia mkono wake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alikuwa amevuta kizibo kimoja, akaitwa kusaidia kwenye mafuta, na aliporudi akadhani amemaliza. Kitambaa cheusi ndani ya tundu jeusi, nani akione? Hata rubani alipita pale mbele, hakukiona.

Akakimbilia simu ya upepo. Kabla hajaifikia, ndege ilikuwa imeanza kugeuka, kwa hiyo yule mwanamke alikuwa ameona joto linapanda. Niliisikia injini ikikohoa juu ya maji. Nikasimama palepale na sufuria yangu nikimwambia Mungu, "Mrudishe salama, nitamshonea nyekundu, nitamshonea na mkanda." Ndege ikaja chini chini, ikatua, ikasimama kabla ya kufika kwetu. Tulipoikaribia ilinuka sponji iliyoungua.

Rubani alishuka. Mume wangu alikichomoa kizibo. Kwa nyuma kilikuwa kimekwisha kuwa mkaa.

"Kosa ni langu," rubani akasema. "Anayeruka ndiye anayekagua."

"Hapana, ni mi. Mi ndio nilipashwa kutoa zote mbili."

"Hapana, kaka. Mimi nilipita hapo mbele."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akilivutia kosa kwake. Ni aibu kusema, lakini nitasema: nikiwa nimesimama pale, mimi niliyeshona kitu kilichotaka kumuua mtu, wivu ulinichoma upya. Hata kosa walikuwa wanagawana wao wawili.

Kisha rubani akanigeukia. "Dada, wewe usijilaumu hata kidogo. Siku ya kwanza nilimwambia mume wako tunahitaji nyekundu, na mkanda. Akaniambia mlizunguka soko lote, nyekundu hakuna."

Mimi na mume wangu hatukuzunguka soko lolote. Nilimwangalia, yeye alikuwa anaangalia lami. Rubani akachukua daftari la ndege, akaandika kwa mkono wake kwamba aliruka bila kukagua matundu ya upepo, akatia sahihi. Sisi wawili tulisimama tukamtazama akiandika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu alasiri hiyo, hakuna aliyemtazama mwenzake. Karibu na kwetu nikamwuliza, "Juu ya nini ulimudanganya? Soko gani tulizunguka?"

"Turubai niliiona mu kabati," akasema. "Siku ile ile ulinipa vizibo. Nilikuwa natafuta shati."

"Na hukuniambia kitu?"

"Ningesema nini, mama? Nilijua ni wivu. Sikutaka yeye ajue. Sikutaka akucheke."

Miezi yote ile nilikuwa nikingoja neno moja la kunionyesha kwamba baina yangu na yule mwanamke, mimi ndiye wa kwanza. Lilikuwa hilo. Nilikaa kwenye ngazi ya baraza nikalia, na yeye akakaa pembeni yangu.

Siku chache baadaye rubani aliitwa Kigali, na hakurudi. Tuliambiwa wamemsimamisha. Vizibo vya sasa ni vyekundu, vina mkanda mpana, na rubani aliyepo anavisifia. Namba ya yule mwanamke bado imo kwenye simu ya mume wangu. Neno moja tu lingetosha: waambie wakubwa wako kwamba nyekundu ilikuwepo, nasi tulijua. Mara mbili nimemwona ameifungua ile namba, akaitazama, akanitazama mimi, akaweka simu chini. Nami sikumwambia "piga". Nilikuwa nimetamani sana tuwe na jambo letu sisi wawili, asilolijua yule rubani. Sasa tunalo.