Peremende za Shemasi Tolliver

Tangu siku alipomposa Ernestine, Hosea Tolliver alikuwa na mkono mmoja mfukoni. Si kwa maringo. Mfukoni mlikaa peremende, zile nyeupe zenye mistari myekundu, na yeye, shemasi wa mlangoni katika kanisa lao pale Dayton, Ohio, aliziamini karibu sawa na Maandiko. Mtoto akilia wakati wa mahubiri, peremende. Mzee akishikwa na kikohozi, peremende. Ernestine mwenyewe akinuna wakiwa garini, mkono ule ulizama mfukoni, ukaibuka na kitu kinachochakarika, ukakiweka pajani mwake bila neno. Miaka thelathini na nne ya ndoa, na hakuna kununa kwa Ernestine kulikowahi kuvuka peremende ya tatu.

Naye Ernestine alikuwa mwanamke wa kununa hasa. Alitumikia jeshi miaka sita, akasambaza barua miaka ishirini na miwili, na alipostaafu posta akachukua cheti cha kufundisha raia kubeba bastola kwa mujibu wa sheria. Darasa lilikuwa Jumamosi, katika chumba cha chini cha kanisa. Waliokuja ni wauguzi, madereva wa basi, wajane wanaoishi peke yao, na safari moja mchungaji wa kanisa jingine, kofia imemfika machoni ili asijulikane. Hosea ndiye aliyekaanga kuku wa mchana. Yeye pia alikuwa na leseni, maana siku hizi hata mlango wa kanisa unahitaji mtu wa kuuangalia. Yeye alimwita mkewe Sajenti, mbele za watu na nyuma yao.

Kulenga shabaha mtu yeyote anajifunza. Somo lenyewe lilikuwa nje, kwenye gari lao kuukuu la kijani. Mwanafunzi anakaa kwenye usukani, Ernestine anajifanya polisi, anakuja kwa mwendo wa pole na kugonga kioo. Sheria ya Ohio ya wakati ule ilimtaka mwenye leseni amwambie polisi bila kukawia kwamba ana silaha. Basi mikono miwili juu ya usukani, vidole wazi, na maneno ambayo Ernestine aliyapima kama mtu anayepima dawa ya mtoto: "Afande, nina leseni ya kubeba bastola, na bastola ninayo. Ungependa nifanyeje?"

"Na pua ikiwasha?" aliwauliza.

"Naiacha iwashe."

"Na mfukoni?"

"Mkono hauingii mfukoni."

"Na kwa rangi yetu hii," aliongeza kwa sauti ya chini, "hauingii hata ukiwa umesahau jina lako humo." Walicheka, lakini kicheko cha watu wanaojua. Kisha akawaambia kwamba maneno yale yatawarudisha nyumbani. Zaidi ya watu mia tatu walipita mikononi mwake, na kila mmoja wao Ernestine alimwambia hivyo kwa imani.

Oktoba moja, saa kumi za jioni, Hosea alikuwa anarudi kutoka kwa dada yake. Katika mji mdogo wa njiani polisi wawili walimsimamisha kwa sababu ya taa ya breki isiyowaka. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote, kwani alilala kitanda kimoja na mwalimu. Aliweka mikono juu ya usukani, akafungua vidole, akasema maneno yote bila kuruka hata moja. Polisi wa kwanza aliposikia neno bastola aliruka nyuma akachomoa ya kwake. Akampigia kelele asitikisike. Wa pili, upande wa pili, akampigia kelele atoke nje. Mzee wa miaka sitini na sita ana mwili mmoja tu, akabaki anawatazama.

Wakamvuta, wakamlaza kifudifudi, mmoja akamwekea goti mgongoni mpaka bega likalia. Wakachukua bastola kiunoni, wakapindua mifuko, na peremende zikamwagika barabarani. Wakauliza ni nini hizo. Hosea, mdomo uko kwenye lami, akajibu, "Pipi, afande." Leseni waliiona, na ilikuwa halali. Bado wakamkalisha kando ya barabara na pingu dakika arobaini, magari ya watu waliomfahamu yakipita, kisha wakamwandikia shtaka kwamba hakusema ana silaha.

"Nilisema," alimwambia Ernestine jioni ile, amesimama jikoni na koti lake lenye vumbi. "Niliyasema yote, Sajenti. Kama ulivyonifundisha."

Hakuwa anamlaumu. Ndiyo maana yakamchoma vile.

Shtaka lilifutwa Januari, maana kamera ya kifuani mwa polisi yule yule ilikuwa imeyanasa maneno yote. Malalamiko ya Ernestine nayo yalijibiwa kwa barua ya mistari mitatu: askari walifuata utaratibu. Mtu afanyiwe hayo, halafu aambiwe ni utaratibu. Hakuna aliyemwambia samahani.

Bega lilipona. Usiopona ni mkono. Hosea aliacha kuutia mfukoni. Alitembea kwenye upepo wa Februari mikono ikining'inia nje ya koti, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mezani aliweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa kabla ya kuomba chumvi, na wala hakujua kama anafanya hivyo. Pale mlangoni kanisani watoto walikuja, wakainua nyuso, wakangoja, kisha wakaenda zao. Bastola aliifungia kwenye kisanduku cha chuma, na Ernestine hakuililia hata siku moja. Alichokililia ni ule mchakariko wa karatasi ya peremende. Alinunua mfuko mzima wa peremende akauweka upande wa mumewe kitandani. Hosea akasema asante, kwa adabu, kama anavyomshukuru mtu wa benki, akaufungia kwenye droo.

Darasa nalo Ernestine alilifunga. Alibandua tangazo mlangoni pa kanisa kwa mikono yake mwenyewe. Alijiona mwuza dawa ya uongo.

Ndipo Keturah alipobisha hodi. Alikuwa muuguzi wa majumbani, binti wa kanisa lile lile, na alikuwa amejiandikisha tangu Septemba.

"Mama Tolliver, darasa lini?"

"Hakuna darasa, mwanangu."

"Kwa hiyo nikafundishwe na nani? Na binamu yangu Dontrell? Yule aliyeipiga risasi friji yake mwenyewe?"

Ernestine alikaribia kucheka, akajizuia. "Maneno yangu hayafanyi kazi. Uliona yaliyompata Shemasi."

"Nani kasema hayafanyi kazi?" Sauti ilitoka jikoni. Hosea alikuja akijifuta mikono kwa taulo. "Siku ile nilikula chakula changu hapa. Kilikuwa kimepoa, lakini nilikula."

"Walikulaza barabarani, Tolliver."

"Walinilaza wao. Hayakunilaza maneno yako. Kosa lina wenyewe, mbona wewe ndiye unalibeba?" Alimgeukia Keturah. "Jumamosi njoo na njaa. Nitakaanga kuku."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi naye huogopa moto akishaungua. Jumamosi walikuja wanafunzi tisa. Ernestine alifundisha sheria, akafundisha kusafisha silaha, akarudia kusafisha silaha. Zamu ya gari ilipofika alisimama uwanjani na funguo mkononi, hasogei. Wanafunzi wakatazama viatu vyao.

Mlango wa jiko la kanisa ulifunguka. Hosea alitoka na aproni juu ya suruali na koti juu ya aproni, akachukua funguo mkononi mwa mkewe, akaingia garini, akakaa kwenye usukani na kufunga mlango.

Hakuwa amekaa hivyo mbele ya mtu anayemwendea tangu Oktoba. Ernestine aliona mgongo wake kupitia kioo cha nyuma, na moyo ukamwuma. Alitamani amtoe mle ndani ampeleke nyumbani. Akaenda kwa mwendo wa pole, kama alivyofundisha, akagonga.

Kioo kilishuka. Mikono ilikuwa juu ya usukani, vidole wazi.

"Afande," Hosea alisema, "nina leseni ya kubeba bastola, na bastola ninayo. Ungependa nifanyeje?"

Jibu la mwalimu lilikuwa lile lile miaka yote: asante kwa kuniambia, iache mikono hapo hapo. Ernestine alisema asante kwa kuniambia. Yaliyofuata hayakuwemo kwenye somo.

"Nimekusikia, Shemasi Tolliver," alisema. "Umeyasema yote. Hukukosea kitu chochote. Samahani kwa tuliyokutendea."

Hosea alitazama mbele, kupita kioo, na machozi yakamshuka akayaacha, kama anavyoiacha pua ikiwasha.

"Afande," alisema mwishowe, "naomba ruhusa ya kutia mkono mfukoni."

"Tia, Tolliver."

Mkono wa kulia uliachana na usukani. Ulishuka taratibu, wanafunzi wote tisa wakiuona, ukazama kwenye koti. Kitu kikachakarika. Ukaibuka, ukapita dirishani, ukafungua kiganja cha mkewe na kuiweka humo peremende moja.

"Umenuna tangu Oktoba, Sajenti," alimwambia. "Ninazo mbili zaidi."