Mkate Mweusi wa Mwoka Mikate

Mwoka mikate wa mtaa wetu Yerusalemu hakuwa na nyusi. Moto ulishazila zamani. Waarabu wenzake na sisi Wayahudi sote tulimpelekea unga tuliokanda nyumbani, naye aligonga kila mkate kwa kidole, kama anayebisha hodi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waturuki wakiwa bado wanatutawala, kaka yangu Nisimu na Wasfi, mwana wa mwoka mikate, walibishana palepale, kila mmoja akilinadi taifa lake litakalozaliwa Mturuki akiondoka. Mwoka mikate aliwafokea, "Nendeni mkabishane nje, moshi wangu wanitosha!"

Askari wa Kituruki walipokuja kuwasaka vijana wa vyama vya siri vya kudai uhuru, mwoka mikate aliwasukumia wote wawili nyuma ya kuni, akampigisha afisa wao soga mpaka mikate ikaungua.

"Nisamehe, Mama Nisimu, nimekuunguzia," alimwambia mama alipokuja kuchukua mkate, huku Nisimu akitoka nyuma ya kuni.

Mama aliubusu mkate ule mweusi, akaupakata kama mtoto mchanga mpaka nyumbani.