Kiuno cha patron Ndikuriyo

Hii nitakayoandika hakuna mutu ataamini, na simulaumu. Mi Tonton Lévi nilikuwapo, niliona kwa macho yangu, na kuna siku nashindwa kujiamini.

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tuko na Mama Vénérande, mutu wa Bukavu, alisoma droit, masomo ya sheria, miaka mbili mbele vita imutoe. Mi niliacha masomo primaire ya sita, lakini katika kuacha nilikuwa wa kwanza. Huyu mama hapendi neno la mudomo. Siku moja nilimuomba sufuria, akanipa kwanza karatasi nisaini: article ya tatu, sufuria irudi na kifuniko. Bantu bakicheka, yeye anawaambia, "Mucheke, lakini musaini."

Basi, mwaka wa 2012, Charlotte wa Fizi, mama wa batoto wawili, alikuwa anajifunza kushona kwa fundi Ndikuriyo, patron wake. Mukataba wao Ndikuriyo aliuandika mwenyewe: Charlotte atamushonea patron suti moja, vipimo viko hapa chini, siku suti itamukaa vizuri, atapewa attestation, karatasi ya kusema amejua kazi, na atatoka. Mbele ya hapo, anatumika bure.

Charlotte akamaliza suti. Ndikuriyo akaivaa, tumbo ikakataa. Charlotte akapanua. Mwezi ukapita, ikakataa tena. Yule mutu alikuwa anakula nsima, ugali ya huku, sahani tatu, anafuta midomo, anasema, "Dada, bado hujajua kazi." Mwaka muzima hivyo. Na kule Lilongwe, Area 23, kulikuwa mama mwenye duka amemuwekea Charlotte nafasi ya kushonea kwa baraza yake, mwisho Jumamosi. Bila attestation, nafasi inaenda kwa mwingine.

Ijumaa Mama Vénérande akamuita Ndikuriyo kanisani, mbele ya Pasta Lwaboshi. Mama alikuja na mukataba ndani ya plastiki.

"Patron, hii mukono ni yako?"

"Njo yangu."

"Kiuno umeandika ngapi?"

"Makumi nane na ine."

"Tonton Lévi, mupime."

Nikamuzungusha metre kwa kiuno. Kwa kupima, Malawi yote hakuna kama mi. "Mia moja na kumi," nikasema.

"Mia moja na tisa," akasema Ndikuriyo. "Usiniongezee."

Kanisa lote likacheka. Akajikaza, akauliza, "Sasa sheria inakataza mutu kula?"

"Haikatazi. Kula, patron. Lakini mutu akizuia yeye mwenyewe sharti lisitimie, sheria inahesabu limetimia. Charlotte alisaini na we. Hakusaini na tumbo yako."

Ndikuriyo akageukia musaada. "Papa Pasta, we pia iko na tumbo. Sema kitu."

Pasta Lwaboshi akafunga koti yake pole pole. "Mi yangu sikuiandika kwa karatasi," akasema.

"Basi munipe wiki tatu nipungue."

"Mwaka muzima uliongezeka bila kuomba ruhusa," akajibu Mama Vénérande, akamupa kalamu.

Alisaini. Charlotte hakucheka kama sisi. Alisoma ile attestation mara mbili, akairudisha. "Patron, umesahau tarehe," akasema. Mama Vénérande alimuangalia namna mwalimu anaangalia mutoto mwenye amefaulu.

Sasa huyo mama mwenyewe iko nyuma yangu hapa, anasoma juu ya bega langu, anatikisa kichwa. Iko anakubali, naona. Basi niandike vile ilivyoisha. Jumamosi asubuhi Charlotte alienda, kambi yote ikamusindikiza mpaka barabarani, bantu elfu tano kama si sita, na mi mbele yao wote nimebeba mashine yake ya kushona kwa kichwa, mukono mumoja tu, nikipita zile baiskeli za kubeba bantu, makabaza yote ya—

"Tonton Lévi, mashine tuliibeba mi na Charlotte. We ulibeba mukasi."