Siku Niliyomwachilia Mama Mkubwa

Wakati wa Ebola nilikuwa nikifanya kazi kwenye barieri ya Kibumba, kizuizi cha ukaguzi kwenye barabara ya Rutshuru. Kila gari lililotoka kaskazini lilisimama, abiria wakashuka, wakanawa kwa maji yenye klore, dawa ya kuua vijidudu, nami nikawapima joto kwenye paji la uso. Mwenye homa aliwekwa kwenye hema kungojea ambulansi. Wengi walikuwa wakimbizi wa vita, na swali lao lilikuwa moja: "Waasi walipokuwa wanatuchinja, hiyo serikali ilikuwa wapi?" Niliwajibu nilivyofundishwa: mutuamini, tuko hapa kwa ajili yenu.

Asubuhi moja lilifika lori la watu waliokimbia upande wa Beni. Wa tatu kushuka alikuwa mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliyenilea nikiwa mdogo. Nilimpima. Thelathini na tisa.

"Mutoto yangu," alisema polepole, "usinipeleke kule. Jirani yangu walimupeleka akitembea kwa miguu yake. Waliturudishia sanduku, na wakatukataza kulifungua."

Kando ya hema askari wawili walikuwa wameketi, bunduki mapajani. Siku tatu kabla, mwanaume mmoja alikuwa ametolewa hemani na kupelekwa na ambulansi, na sikusikia tena habari zake. Nilipouliza ofisini niliambiwa hiyo si kazi yangu.

"Thelathini na sita," nilimwambia mwenzangu aliyekuwa akiandika. "Pita, mama."

Mwenzangu aliandika bila kuinua kichwa. Lakini mwanamke aliyefuata kwenye mstari alikuwa ameiona namba kwenye kipimajoto. Alinitazama, kisha akasema bila hasira, "Kumbe hata wewe hauwaamini."

Nyumbani kwangu Munigi, karibu na Goma, nilimlaza mama mkubwa chumba cha nyuma, nikatenga sahani yake, nikawakataza watoto wangu kumkaribia. Nilimpa dawa ya malaria, na siku ya nne homa ikashuka. Nilikaa chini ukutani nikalia.

Kwenye barieri, maneno ya yule mwanamke yalikuwa yameshatembea. Abiria wakaanza kukataa kushuka. "Pima kwanza watu wa kwenu," waliniambia. Jumamosi mawe yalirushwa, askari wakafyatua risasi hewani, na hema likachomwa.

Siku mbili nzima malori yalipita kuelekea Goma bila mtu kupimwa. Nilisimama kando ya barabara, mikono mitupu, nikitazama nyuso za abiria walioketi juu ya mizigo. Mmoja wao alikuwa anakohoa.