Fundi Saa na Joka la Gizani

Shemeji yangu ni fundi saa. Meza yake iko dirishani, cherehani yangu iko nyuma yake, na chumba ni kimoja. Kodi tunachangia na kelele tunachangia. Amemwoa dada yangu mkubwa, kwa hiyo kumtania ni haki yangu. Namwita Tiktak hata mbele ya wateja, naye hujibu kwamba cherehani yangu inakohoa kuliko mimi.

Jumapili alasiri tunafunga duka, tunaondoa saa na vitambaa mezani, na tunacheza. Mchezo wenyewe ni wa kusimuliana. Msimulizi anabuni nchi na hatari zake. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, kisha dadu zinaamua kama amefaulu. Mimi nina mpiga mishale mwenye mdomo mchafu. Dada yangu, anayeuza kwenye duka la dawa, amejichagulia tabibu, kana kwamba wiki nzima ya wagonjwa haimtoshi. Kinyozi wa mlango wa pili ni shujaa wa upanga ambaye hajawahi kuingia pango lolote bila kutoka mbio. Msimulizi siku zote ni Tiktak. Sisi ni watu wazima na hatuoni aibu.

Mvua zilipoanza, Tiktak akatuletea majoka ya gizani. Si yale ya kutema moto. Haya hukaa chini kabisa ya pango, yana rangi ya masizi, na yakipumua, kila taa iliyo karibu huzimika. Hayana macho. Alitueleza kwamba huzaliwa na macho mazuri tu, lakini kadiri yanavyozidi kushuka, macho hufifia kidogo kidogo, na jambo hilo joka humficha hata joka mwenzake. Moja lilikuwa limejilaza kwenye njia pekee ya kutokea, nasi tukakwama nalo Jumapili baada ya Jumapili.

Joka likipumua, tunazima taa kwelikweli. Madirisha yamefungwa, chumba kinakuwa cheusi tii, na tunaendelea kwa sauti tu. Dadu tunazisoma kwa vidole. Tiktak alichukua keekee yake ndogo kabisa, ile ya kutobolea vyuma vya saa, akazichimba nukta za dadu zikawa vishimo ambavyo kidole gumba kinaweza kuvihesabu. Mwanzoni kila dadu aliyopapasa kinyozi ilikuwa sita, mpaka dada yangu akaweka sheria kwamba dadu ya kinyozi isomwe na watu wawili. Tulicheka sana siku zile. Mimi niliupenda mchezo ule kuliko yote, kabla sijaanza kuuogopa.

Kilichonitia hofu kilianzia kazini. Msichana mmoja alileta saa ndogo ya mkononi, zile nyembamba, Tiktak akaishika, akaigeuza, akamrudishia akisema haina vipuri. Ile saa vipuri vyake vimejaa kwenye droo yake. Akaja mwingine, naye akajibiwa vivyo hivyo. Saa kubwa za ukutani akawa anazipokea kwa furaha, saa ambazo zamani alikuwa akizidharau, akiziita sufuria. Skrubu ikimponyoka, haangalii ilikoangukia. Anapitisha kiganja mezani, polepole, mpaka aiguse. Bega lake la kulia likawa linagonga fremu ya mlango ambao amepita maisha yake yote. Siku moja alinimiminia chai na chai ikapita pembeni ya kikombe, naye akaendelea kumimina na kuniuliza kama nataka sukari.

Nikajua shemeji yangu anapofuka. Nilikaa nyuma ya cherehani nikashindwa kukanyaga.

Nilimweleza waziwazi, maana mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Akacheka, akasema ni uchovu, akasema mwanga wa dirisha lile ni mbaya mvua zikiwapo. Nilipomwambia aende akapimwe, alikasirika, na Tiktak si mtu wa hasira. Alinikumbusha baba yake. Mzee yule alimaliza maisha yake akiwa kipofu kwenye kiti mlangoni, akiuliza ni nani huyo kila aliyepita, hata wajukuu zake mwenyewe. Tiktak alisema siku aliyopelekwa hospitali ndiyo siku aliyokalishwa kwenye kile kiti, na baada ya hapo hakuna aliyemwacha ashike hata kisu cha kukatia mkate. Kisha akarudi kwenye saa yake ya ukutani, akanipa mgongo.

Nikaenda dukani kwa dada. Nilidhani nitamshtua. Alikuwa anapanga chupa za dawa ya kikohozi, na hakuacha kupanga. Aliniambia ameliona jambo hilo kabla yangu, kwamba usiku humsikia akihesabu hatua kwenda chooni, na kwamba kila akifungua mdomo kumuuliza, mumewe huanza kuzungumzia kitu kingine. Alikuwa anasubiri aseme mwenyewe. Anaogopa akimbana atakana, na akishakana hatarudi nyuma. Ndipo akaniambia kitu kilichoniondolea usingizi.

"Ugonjwa huu naujua, mdogo wangu," alisema. "Ukishachukua haurudishi. Kinachookolewa ni kile tu kilichobaki."

Nilimkasirikia. Nilimuuliza anasubiri nini basi, akubali macho yote mawili yaende kwa sababu ya adabu? Aliniangalia, macho yamemjaa machozi, akasema nisubiri Jumapili ipite, Jumatatu atazungumza naye hata kama nyumba itawaka moto. Siku zile niliishona sare moja ya shule mara mbili, mikono yote miwili upande wa kushoto.

Jumapili ikafika. Tulikaa mezani sote tukijifanya wazima. Kinyozi peke yake hakujua lolote, na alikuwa na furaha mpaka nikatamani kumfinya. Shujaa wake akalivamia joka, joka likapumua, Tiktak akazima taa.

Gizani sauti yake ilibadilika. Nilikuwa nimelisikia hilo majuma yote bila kulielewa. Alisimulia bila kusita, akaturushia dadu, akazikusanya bila kukosea, akampasia kila mtu yake kiganjani, huku sisi tukigongana vichwa. Alikuwa yule fundi wa zamani. Nilikaa nikimsikiliza, nikitaka taa iwashwe, na nikitaka isiwashwe.

Kinyozi akapiga kumbo glasi yake ya maji. Maji yakamwagikia mapajani mwake, akaruka, akawasha taa. Tukafuta meza, dada akaleta kitambaa kikavu, kinyozi akakaa tena akilalamika kwamba joka limemkojolea. Hakuna aliyezima tena. Tiktak akasema sasa ni zamu ya joka kushambulia, akarusha dadu. Ilizunguka ikatulia katikati ya meza, chini kabisa ya taa, mahali ambapo hata mimi niliyekaa mbali niliiona ni mbili.

Akanyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaipata, akaweka kidole gumba juu yake.

"Mbili," alisema. "Limewakosa."

Kinyozi akacheka. "Fundi, taa inawaka. Unapapasa nini?"

Alicheka peke yake. Kisha akatutazama mmoja mmoja, kicheko kikamkauka, na nadhani ndipo alipofahamu, maana alivua kofia yake akaiweka magotini.

Kidole cha Tiktak kilikuwa bado juu ya dadu. Dada yangu akakishika.

"Baba watoto," alisema, "tangu lini?"

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimeshajiandaa kupiga kelele.

"Tangu nilipoleta joka," alisema. "Mwanga nauona. Nukta ndizo sizioni. Nilitaka tu mahali ambapo na nyinyi hamwoni. Nikizima taa, tunakuwa sawa."

Dada yangu alilia. Mimi nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya hasira. Nikakusanya dadu nikaziweka kwenye kopo lake.

Kesho yake hatukufungua duka. Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye mikono baridi, Tiktak alisema. Alizima taa za chumba chake ili amchunguze kwa kurunzi yake ndogo, na katika giza lile hakuna aliyefanya mzaha, hata mimi. Alipowasha, alizungumza taratibu. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto limebaki na kiasi, na kiasi hicho dawa ya matone inaweza kukilinda akiitia kila siku bila kuruka. Saa ndogo asahau. Kubwa ataziweza.

Tiktak aliuliza swali moja tu. Aliuliza ingekuwaje kama angekuja mvua zilipoanza.

Daktari alifunika kurunzi yake, akaiweka, akaisogeza kidogo. Akasema tuzungumzie hili jicho lililobaki.

Hatukumuuliza tena. Tiktak aliinua mkono akautafuta mkono wa dada yangu, akaukosa, akapapasa kwenye kiti, kwenye gauni, mpaka akaupata, mbele ya daktari na mbele yangu. Taa zote zilikuwa zinawaka, na hakujificha.